Halifax Tatu Zilizobaki

Uingereza iliunda zaidi ya ndege 6,000 za mabomu aina ya Halifax, kila moja ikiwa na injini nne na wahudumu saba. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, karibu zote zilivunjwavunjwa. Hata ile iliyopewa jina la Friday the 13th, iliyokwenda kushambulia mara 128 na kurudi kila mara, ilisimamishwa Oxford Street, London, mwaka 1945 ili watu waione, kisha ikauzwa kama chuma chakavu. Taifa lililochoshwa na vita halikuwa na hamu ya kutunza silaha zake.

Leo Halifax tatu tu ndizo zinazoweza kutazamwa zikiwa na umbo lake, na kila moja imehifadhiwa kwa fikra tofauti.

Ya kwanza, yenye namba W1048, iko katika makumbusho ya jeshi la anga, Hendon, London. Aprili 1942 ilitumwa Norway kuishambulia Tirpitz, manowari kubwa ya Wajerumani. Mizinga ikaipata, na rubani akaitua kwa tumbo juu ya barafu ya ziwa Hoklingen. Wote saba walitoka hai. Sita walitembea hadi Sweden, nchi isiyokuwa vitani. Mmoja, aliyeumia mguu, alikamatwa. Barafu ilipoyeyuka ndege ikazama, na haikuopolewa hadi 1973. Wahifadhi waliamua kuiacha karibu kama ilivyotoka majini, mabati yamechakaa na kupasuka. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kuliko yote matatu, kwa sababu majeraha ya ndege ile ni sehemu ya historia yake, wala hakuna fundi awezaye kuyarudisha yakishafutwa.

Wakanada waliamua kinyume. Ya pili, NA337, ilitunguliwa Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kuisha Ulaya, ikitoka kuwadondoshea silaha wapiganaji wa siri wa Norway. Sita kati ya saba walikufa. Mwaka 1995 ilipandishwa kutoka ziwa Mjøsa, kina cha zaidi ya meta 200, ikapelekwa Trenton, Ontario, ambako watu wa kujitolea waliishughulikia hadi 2005. Sasa inang'aa. Naiheshimu mno kazi ile ya mikono, lakini rangi mpya haimwambii mtazamaji kwamba alipo ni kando ya ndege iliyopoteza watu sita.

Ya tatu, iliyoko Elvington, Yorkshire, wengine huiita nakala tu. Sehemu ya kiwiliwili chake ilikuwa banda la kuku la mkulima mmoja katika kisiwa cha Lewis, Scotland. Mabawa yalitoka kwenye Hastings, ndege ya uchukuzi ya Handley Page, kampuni ileile iliyounda Halifax. Ilizinduliwa Ijumaa, 13 Septemba 1996, ikiwa na jina la Friday the 13th, ile iliyovunjwa. Makumbusho hayafichi asili ya vipande hivyo, na hapo ndipo nakala inapopata heshima yake. Tena ina haki ya kuwa pale kuliko popote: kutoka uwanja huo, mwaka 1944 na 1945, Wafaransa wa vikosi vya 346 na 347 waliruka na Halifax, na wengi wao hawakurudi. Hata injini za nakala hiyo, aina ya Hercules, zilitolewa na jeshi la anga la Ufaransa.