Jaji Aliyeamuru Mtu Aletwe

Juma lililopita nilipata barua ya mzee mmoja wa Bukoba. Anauliza: jaji hana jeshi, hana polisi wake, hata mlinzi wa mlangoni kapewa na serikali, sasa mtawala mkali akikataa kumtii, jaji huyo amebaki na nini? Nimeshindwa kumjibu kwa maneno ya vitabuni. Nitamjibu kwa kisa cha ng'ambo ya mpaka wake, ambacho watu wa rika lake wanakikumbuka.

Benedicto Kiwanuka alikuwa mwanasheria, kiongozi wa chama cha Democratic Party, na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya Milton Obote kuchukua nafasi hiyo mwaka 1962. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimweka kizuizini. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alimfungulia, na baada ya miezi michache akamteua kuwa Jaji Mkuu, raia wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho. Naamini Amin alitegemea shukrani. Kwa mtawala wa namna ile cheo ni fadhila, na fadhila hulipwa.

Kiwanuka hakulipa. Mahakama zetu zina amri moja ambayo mawakili huiita kwa Kilatini, lakini maana yake ni nyepesi: mlete huyo mtu. Anayemshikilia mwenzake anaamriwa amfikishe mbele ya jaji na kueleza anamshikilia kwa sheria ipi. Haihusu fidia wala kifungo. Inataka mtu aonekane kwa macho. Mapema Septemba 1972 mfanyabiashara mmoja Mwingereza alikuwa mikononi mwa wanajeshi, na kesi yake ikafika kwa Jaji Mkuu. Kumbuka hizo ndizo siku ambazo Waasia walikuwa wanafukuzwa nchini, na Amin anawatukana Waingereza kila uchao. Kiwanuka alisema wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshika mtu yule, akaamuru aachiwe.

Tarehe 17 mwezi huohuo wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutokea kwetu Tanzania, wakashindwa. Kampala ikajaa hofu, na visasi vikapata kisingizio. Tarehe 21, asubuhi, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu, wakamtia katika gari na kuondoka naye. Inasimuliwa kwamba walimvua viatu kwanza. Serikali ikadai waliomteka ni waasi. Mwili wake haukupatikana mpaka leo.

Yule aliyeamuru wengine waletwe, yeye mwenyewe hakuletwa.

Sasa hapa ndipo ningependa mzee wangu wa Bukoba anisikilize vizuri. Wengi hudhani dikteta hufunga mahakama. Amin hakuzifunga. Majaji waliendelea kuvaa majoho, kesi za mashamba na za wezi wa ng'ombe ziliendelea kusikilizwa. Kilichofanyika ni kuziondolea kesi zinazoigusa serikali. Kwa amri ya mwaka 1972 wananchi walizuiwa kuishtaki serikali kwa mambo yaliyofanywa kwa jina la usalama. Mwaka 1973 mahakama za kijeshi zikapewa uwezo wa kuwahukumu raia, na mwaka huo watu walipigwa risasi hadharani mbele ya umati. Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu, akaiweka chini ya jaji, Mohamed Saied. Ilisikiliza habari za watu zaidi ya 300. Taarifa yake haikuchapishwa. Jengo lilibaki limesimama, na mgeni aliyepita barabarani angesema nchi ina sheria.

Waganda hawakusahau. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema kwamba haki ya kuomba ile amri ya kumleta mtu haiwezi kuondolewa kwa sababu yoyote, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Nilipousoma ukurasa ule nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Novemba 2005, katika jengo lilelile, washtakiwa wa kesi ya uhaini walipewa dhamana, na watu wenye bunduki waliovaa fulana nyeusi wakaizingira mahakama. Washtakiwa wakaona afadhali warudi jela. Machi 2007 ikatokea tena: wakapewa dhamana, wakakamatwa kwa nguvu palepale mahakamani. Safari hii majaji waligoma. Kwa siku kadhaa hawakusikiliza kesi, jambo ambalo wenzao wa mwaka 1972 hawakuweza hata kulinong'ona.

Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwapeleka raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha huko katika makosa fulani, na Rais Museveni akaitia saini.

Basi mzee wangu, umeuliza jaji amebaki na nini. Kiwanuka alikuwa na karatasi na kalamu. Yule Mwingereza aliachiwa.