Kiswahili Kilichoachwa Mpakani

Miaka michache iliyopita nilimpokea darasani Mrundi mmoja aliyekuja kujifunza Kiswahili cha mwanzo. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, akasoma huko darasa la kwanza na la pili, kisha mwaka 2008 wazazi wake wakarejea Burundi. Salamu alizijibu bila kusita, na kwa lafudhi ya Kitabora hasa. Tulipovuka salamu, akakwama. Dada yake, aliyeondoka akiwa amemaliza darasa la saba, bado anasoma magazeti yetu.

Wakimbizi wa 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Nyumbani walizungumza Kirundi. Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, ya shule na soko, maana shule za makazi hayo zilifuata mtaala wa Tanzania. Waliokimbia baada ya 1993 walikuwa na hali tofauti: katika kambi za Kigoma watoto walifundishwa kwa mtaala wa Burundi, kwa matarajio kwamba watarudi. Hivyo waliokaa ugenini muda mrefu zaidi ndio waliorejea bila Kifaransa.

Kuanzia 2007 Tanzania iliwapa watu wa makazi hiari ya kuomba uraia au kurejea kwao. Wengi walichagua uraia. Makumi ya maelfu wakarejea. Watoto wao wakakuta shule inayoanza na Kirundi na kuendelea na Kifaransa. Na tangu enzi za ukoloni, neno "Mswahili" nchini Burundi lilikuwa limebeba dharau: mtu wa Buyenzi, mjanja wa mjini asiyeaminika. Mtoto hahitaji kuambiwa mara mbili anyamaze.

Wenzangu husema umri ndio ulioamua. Nakubali nusu. Dada alikuwa na maandishi ya kushikilia. Mdogo alikuwa na sikio tu, na sikio lisilosemeshwa husahau upesi. Lakini nani aliamua lisisemeshwe? Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na miaka hiyohiyo ikawa inaingiza Kiswahili katika shule za msingi, somo jipya lenye uhaba wa walimu na vitabu. Wasemaji walikuwa wanashuka kwenye malori, na mabegi yao yalikuwa na madaftari ya Kiswahili.

Yule kijana alilipa ada ya muhula mzima. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa ngeli, akafeli.