Nani Alitufundisha Thika Road?

Kuna mahali pale Pangani ambapo barabara ya pembeni inakwisha na huna budi kuingia kwenye ile kubwa. Hakuna taa, hakuna karao wa kukupungia mkono. Kuna mistari myeupe inayokukaribia kutoka pande mbili, halafu kuna magari, na hayo magari hayakungoji.

Desemba 2022 nilifika hapo nikiwa na leseni ya wiki tano na Probox ya kuazima. Kushoto kwangu alikuwa mjomba. Nyuma tulikuwa tumekunja kiti na kutandika godoro, na juu ya godoro alikuwa susu, bibi yangu, aliyeanguka akiteka maji na kuvunjika nyonga. Hospitali ilikuwa imemtoa asubuhi hiyo. Ambulansi ya kumfikisha Migwani ilikuwa ghali kuliko mbuzi wote wa boma letu, na kumpakia kwenye mat na chuma kwenye nyonga, hapana. Kwenye familia nzima, mwenye leseni halali na macho mazima nilikuwa mimi peke yangu.

Mjomba ndiye aliyestahili kushika usukani. Ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini sukari imekula macho yake, na siku hizi anajua gari linakuja kwa mlio kabla hajaliona.

Kuhusu ile leseni, niseme ukweli. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kulikuwa na pesa za muhula ambazo mama alikuwa ametuma na ambazo sikuwa nimelipa. Nikazipeleka shule ya udereva. Mama alijua baadaye, na hakupiga kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kwa hiyo safari hii kwangu haikuwa ya susu peke yake. Nilitaka mtu nyumbani aone kwamba zile pesa zilinunua kitu.

Zilikuwa zimenunua nini hasa? Ubao. Kama umewahi kupitia shule ya udereva Kenya unaujua: model town, mji mdogo uliochorwa juu ya mbao, una mizunguko, makutano, njia ya kuegeshea, na kigari cha kuchezea ambacho unakisukuma kwa kidole huku ukisema kwa sauti, naangalia kioo, natoa ishara, naingia. Kwenye ubao wetu barabara kuu ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nje ya ubao, tulizunguka mitaa ya estate na gari ambalo sikuwahi kulitia gia ya nne. Mtahini aliniuliza alama, akaniambia nigeuze gari, nikapita. Siku ya pili kisheria ningeweza kuingia barabara yoyote ya jamhuri.

Nilipoanza kusoma nijue hii kitu ilitoka wapi, nilikutana na tarehe moja iliyonikalisha chini. Sheria ya Trafiki tuliyo nayo, Sura ya 403, mzizi wake ni wa 1953. Imekarabatiwa mara nyingi, lakini ilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, wakati Mwafrika alihitaji kibali hata kutembea. Sasa linganisha: mota-wei ya kwanza ya Uingereza yenyewe, barabara ya kuzunguka mji wa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958. Yaani waliotuandikia sheria ya barabara hawakuwa bado na barabara ya aina hii kwao.

Na walipoipata, haikuwa mteremko. Barabara ya M1 ilifunguliwa Novemba 1959 bila kikomo cha mwendo, bila taa, bila chuma cha kutenganisha pande mbili katikati. Watu walileta magari yaliyozoea vijiji, wakayakanyagia hadi injini zikachemka. Kikomo cha maili 70 kwa saa kilikuja Desemba 1965, kwanza kama jaribio. Kilichonishangaza zaidi ni hiki: mwanafunzi wa udereva Mwingereza alikatazwa kabisa kukanyaga mota-wei hadi Juni 2018. Karibu miaka sitini. Ulifunzwa kila kitu isipokuwa hiyo, ukapewa leseni, na kesho yake ukaruhusiwa kuingia peke yako. Nilicheka niliposoma. Kumbe hata wao walikuwa na ubao wao.

Sisi tulipata yetu kwa kishindo. Thika Road ya zamani ilikuwa na njia nne na foleni ambayo wazazi wetu bado wanaisimulia kama vita. Kampuni tatu za Kichina ziliingia kazini 2009, pesa zikatoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, China na serikali yetu, na Novemba 2012 Rais Kibaki akaizindua: kama kilomita 50, njia nane, sehemu nyingine zaidi ukihesabu za pembeni. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka basi letu la kwenda ushago likipaa juu ya daraja la Githurai na abiria wote kunyamaza.

Lakini barabara ilifika kabla ya maelezo yake. Madaraja ya kuvukia kwa miguu yalichelewa na hayakutosha, kwa hiyo watu wa Githurai, Kahawa na Ruiru walivuka walivyovuka zamani, kwa kukimbia, ila sasa walikuwa wanakimbia mbele ya magari yaliyoruhusiwa kwenda mbio. Wengi walikufa. Jibu lililokuja ni matuta, matuta kabisa, juu ya superhighway. Vyuma vya pembeni na mabango vikang'olewa na kuuzwa kwa wa skrepu. Watu husema hiyo ni ushamba wetu. Mimi sikubali. Mtu ambaye jana shamba, kanisa na stage vilikuwa upande mmoja na mwingine wa njia, leo umemchimbia mto wa magari katikati na hukumwambia kivuko kiko wapi. Nani mshamba hapo?

Basi, Pangani. Nilifanya nilichofanya kwenye ubao: nikapunguza mwendo ili niangalie vizuri.

"Usisimame!" mjomba akasema, na huyu ni mtu ambaye hapazi sauti. "Ukisimama hapa umetuzika. Ongeza. Tia ya tatu, ongeza, uwe na mwendo kama wao, halafu uombe nafasi."

Nikatia ya tatu. Kwenye kioo cha kulia kulikuwa na basi lenye michoro ya mwanamuziki fulani, kubwa kama ukuta. Nikaongeza. Basi likapunguza kidogo, kidogo tu, na nikaingia. Nyuma nilisikia susu, "Kavola, kavola," polepole, ile ya kumtuliza ndama. Sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au nyonga yake.

Kilichofuata hadi Thika nitakipitisha haraka kwa sababu sikumbuki mengi, nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayening'inia. Mjomba alinipa mambo matatu na hakuongeza. Angalia mbali, si boneti ya aliye mbele yako, kwa sababu breki zinaanzia mbali. Njia ya kulia kabisa si ya heshima, ni ya kupita, ukishapita toka. Na ukikosea njia ya kutokea, umekosea, endelea hadi nyingine, hakuna aliyewahi kufa kwa kuchelewa kutoka Juja.

Nilimuuliza alifundishwa na nani haya. Hapo ndipo nilipata historia ambayo siikuti kwenye kitabu chochote.

Mjomba alianza kama tanboi mnamo 1976, wa kupanga mizigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Dereva wake alikuwa mzee wa Mwingi aliyejifunza kuendesha akiwa jeshini. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliandikisha Wakamba wengi mno, na baadhi yao waliwekwa kwenye malori ya kikosi cha uchukuzi, wakapelekwa hadi Burma. Huyo mzee alikuwa mmoja wao. Jeshi ndilo lililomfundisha kuendesha kwa msafara: nafasi kati ya lori na lori, ishara za taa, usimpite mwenzako mahali huoni. Alirudi nyumbani kwenye nchi iliyombagua, na aliporudi hakuna aliyemuuliza anajua nini. Lakini alimfundisha tanboi wake, na tanboi wake alikuwa ananifundisha mimi kwenye Probox. Hiyo ndiyo shule yetu ya barabara kuu. Haina ubao wala cheti, na mwalimu wake wa kwanza alilipwa kutuma risasi kwa vita visivyokuwa vyake.

Michuki alipoleta sheria zake Februari 2004, mikanda, gavana ya kilomita 80, mstari wa njano kwenye mat, nchi ilishangilia, na kwa haki. Mjomba anasema kitu alichopenda zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inasema yale mzee alikuwa akisema kwenye kabini.

Baada ya Thika ile njia nane inakuwa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na hiyo ndiyo Barabara ya Garissa. Hapa superhighway inakuwa kumbukumbu nzuri. Malori ni mengi, na dereva mgeni anapata kishawishi cha kupita kila lori. Kithimani, Matuu, wauza maembe wakiinua ndoo. Karibu na Matuu unapita Mfereji wa Yatta, uliochimbwa kwa mikono na wafungwa wa Mau Mau miaka ile ile ya sheria yetu ya trafiki. Nilimwonyesha mjomba, nikasahau haoni. "Najua," akasema, "hapo barabara hunusa maji."

Mbele yetu kulikuwa na trela. Nikajitokeza kidogo kutazama. Trela likawasha indiketa ya kulia.

"Anataka kukata kona?" nikauliza.

"Kona gani huku? Anakwambia usipite. Kuna kitu kinakuja. Ngoja akupe ya kushoto."

Kweli, lori la ng'ombe likapita upande wa pili, likifuatwa na mat mbili. Kisha indiketa ya kushoto ikawaka, mara mbili tatu. Nikapita, mjomba akaniambia nipige honi fupi ya ahsante. Hii lugha haimo kwenye mtihani. Tena ukiisoma kwa kitabu ni hatari, kwa sababu kisheria indiketa ya kulia ni kusema naenda kulia. Na mjomba mwenyewe alinikanya: akikuruhusu, bado angalia kwa macho yako, maana yule ni binadamu na huenda anakuna mkono tu.

Nilifikiria Kivui tulipokaribia Kitui. Watu wa kwetu wanalijua jina, hata kama shuleni tulilisoma kwa mstari mmoja: Kivui Mwenda, mfanyabiashara mkubwa wa misafara karne ya 19, aliyejua njia za kutoka huku hadi pwani. Mmishenari Krapf alifika kwake 1849, na akiwa hapo Kitui ndipo aliuona Mlima Kenya. Alirudi 1851, wakafunga safari kuelekea Tana. Karibu na mto wakavamiwa, Kivui akauawa, wengine wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake kwenye nchi asiyoijua. Alijificha mchana, akatembea usiku, na kwa kukosa chombo alibeba maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Alifika, kwa taabu, na watu wa Kivui wakamlaumu kwa kuwa hai. Shuleni hadithi hii inasimuliwa kama ushujaa wa Mzungu. Mimi nikiwa nyuma ya usukani niliisoma tofauti: mtu alikuwa na ramani ya Mungu na darubini ya Ulaya, lakini njia ilikuwa ndani ya kichwa cha Kivui.

Mbondoni tukakata kushoto ama kulia, niulize leo siwezi kuapa, mjomba ndiye aliyesema "hapa." Ile ni barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui, Kabati na Migwani, kilomita 192, lami mpya ya Sinohydro. Susu aliinua kichwa. Alisema mama yake aliwahi kuchimba barabara hizi kwa jembe, kazi ya chifu, bila malipo, na kwamba hakuwahi kuona gari likipita ile waliyochimba hadi alipoolewa. Alisema hivyo tu, akalala tena.

Tulifika kabla ya giza. Wanaume wanne walimbeba na godoro lake. Mama alitoka jikoni, akazunguka gari, akaangalia tairi, kama anayenunua. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake ilibidi nirudishe Probox Nairobi, na mjomba akabaki Migwani. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya Matuu nikapata lori la mchanga, linaenda kama mgonjwa, na barabara mbele ilionekana tupu kabisa. Lilikuwa limewasha indiketa ya kulia. Labda dereva alikuwa amesahau kuizima. Nilikaa nyuma yake kilomita nyingi, magari yakanipita yakinipigia honi, na sikutoka.