Joto Lililofichika

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando, tuongee barafu. Injike jikoni ukikoroga: moto unawaka, lakini kipimajoto kinabaki nyuzi 0 mpaka yote iyeyuke. Joto linaenda wapi? Joseph Black alipima huko Glasgow, na mwaka 1762 akawaeleza wenzake: kuyeyuka kwenyewe hula joto, karibu sawa na la kupasha maji ya uzito uleule kutoka nyuzi 0 hadi 80. Alifundisha wanafunzi, akamfafanulia James Watt fumbo la mvuke, ila hakuchapisha. Mwaka 1772 Johan Wilcke wa Uswidi, aliyegundua kivyake, akachapisha. Black alifariki 1799. Mihadhara yake ikatoka 1803. Wanaprogramu wenzangu mnaoficha kazi kwenye diski, mnasikia?