Aprili iliyogeuka Juni: Kiingereza mbili katika nchi ya majani chai

Leo tuache kidogo habari za programu mpya tuongee historia. Msiogope, safari itaishia kwenye kompyuta.

Mwaka 2009 niliandikia kikundi kimoja cha wakulima huku Kericho programu ndogo ya kuhesabu kilo za majani chai. Karani anasoma daftari, anapiga tarehe na kilo, mwisho wa mwezi mkulima anapata hesabu yake. Niliandika kwa PHP. Siku ya majaribio nikakuta kilo zote za kuanzia tarehe 13 Aprili zimeingia Januari 1970. Wenzangu wa kompyuta mnacheka: hiyo ndiyo tarehe inayojitokeza mashine ikishindwa kuelewa tarehe uliyoipa. Nikaziba tundu upesi: ikishindwa, isome upya, siku itangulie mwezi. Januari 1970 ikatoweka. Nikaenda nyumbani nikijiona fundi.

Mwisho wa mwezi akaja mzee mmoja na risiti zake kwenye mfuko wa nailoni. "Kijana wangu," akaniambia, "kilo zangu za mwanzo wa mwezi zimekwenda wapi?"

Tukatafuta. Majani aliyoyapeleka tarehe 6 Aprili yalikuwa Juni, mwezi ambao haujafika. Ya tarehe 1 yalikuwa Januari. Kumbe PHP ikiona mikwaju, kama 06/04/2009, inasoma kwa Kimarekani: mwezi kwanza. Ukiandika kwa vistari, 06-04-2009, inasoma kama tusomavyo sisi. Siku 12 za kwanza za Aprili zilikuwa zimetawanyika mwaka mzima. Ni tarehe 4 pekee iliyosalimika, kwa sababu 04/04 ni ile ile kwa wote. Bila zile risiti, mzee angepoteza pesa zake, na mimi ningeapa kwamba kompyuta haikosei.

Sasa swali: "sisi" tulianza lini kuweka siku mbele? Hakuna aliyetuuliza. Kiingereza kiliingia nchi hii ya Wakipsigis kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa Waingereza: maofisa wa serikali ya kikoloni, kisha makampuni ya chai. Brooke Bond na James Finlay walianza mashamba makubwa Kericho katikati ya miaka ya 1920. Vitabu vya mishahara, vipande vya vibarua na barua za meneja vyote viliandikwa kwa Kiingereza chao.

Mlango wa pili ni wa Wamarekani. Mmisionari Willis Hotchkiss alifungua misheni ya Lumbwa mwaka 1905, kabla ya mashamba hayo makubwa. Miaka ya 1930 ikaja misheni ya Tenwek, upande wa Bomet, chini ya World Gospel Mission ya Marekani. Daktari Ernest Steury alifika hapo mwaka 1959, na zahanati ikakua kuwa hospitali kubwa. Kwa hiyo mtu wa huku aliweza kumsikia Mwingereza shambani na Mmarekani hospitalini, kila mmoja na Kiingereza chake.

Aliyeamua mshindi ni mtihani. Shule za sekondari zilifuata mtihani wa Cambridge, hadi Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1967, na hata baada ya hapo mazoea yakabaki. Ukiandika "labor" badala ya "labour", mwalimu anachora mstari mwekundu. Lakini "labor" halikuwa kosa. Noah Webster aliliweka hivyo katika kamusi yake ya mwaka 1828, makusudi, ili Marekani iwe na tahajia yake.

Kiswahili chetu nacho kilipitia uamuzi kama huo. Mwaka 1928, mkutanoni Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa. Mpaka leo wako wanaolalamika, na wana haki. Lakini angalau tunajua mkutano ulikuwa wapi na mwaka gani, kwa hiyo tunajua tulalamikie nini.

Kwenye kompyuta hakuna mkutano uliotuita. Tumeipokea imeshachaguliwa. Kila siku naandika "color" kwenye CSS na sidhuriki, kwa kuwa tofauti naiona kwa macho. Hatari iko pale maandishi yanapofanana na maana ikatofautiana. 06/04 haina herufi ya kukuonya.

Ushauri wangu kwa wanaoandika programu: usiulize Kiingereza kipi ni sahihi, uliza nani atasoma. Kwa msomaji wa hapa chagua en-KE, ipo kwenye orodha ya Unicode, na huanza na siku. Ndani ya hifadhidata weka 2009-04-06, utaratibu wa ISO 8601 uliotolewa mwaka 1988. Na kwenye karatasi anayopewa mkulima, andika jina la mwezi: 6 Aprili. Ni herufi chache tu za ziada.

Yule mzee alilipwa kilo zake zote. Kabla ya kuondoka alizikunja risiti zake, akazirudisha kwenye mfuko. Nilimwambia kosa limerekebishwa. Akasema, "Sawa, kijana wangu," na risiti akaondoka nazo.