Kigari cha Mtoi Mchanga: Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doh

Mwaka jana sista yangu alipata mtoi wake wa kwanza, na mimi kama anko mpya nikaona lazima nijitokeze. Nikaingia soko ya mitumba na ngiri tatu mfukoni, nikachukua kigari kimoja cha bluu, kiko na kivuli na mahali pa kuweka chupa. Kwa macho kilikuwa fiti sana.

Mtoi alikuwa na wiki tatu. Tulipomweka ndani, mgongo ukajikunja, kichwa kikaanguka mbele, kidevu kikagusa kifua. Mathee alimtoa hapo mbio kabla nimalize kupiga picha. "Wewe, huyu mtoto ana shingo ya kukaa?" Sikuwa na jibu. Muuzaji naye alikataa kurudisha doh, basi kigari kikakaa nyuma ya mlango miezi sita kikibeba viazi.

Kama uko karibu kupata mtoi, ama unataka kununulia beshte wako zawadi, soma hii kwanza. Vitu nyingi kwa kigari ni urembo tu. Zenye zinaweza kuumiza mtoi ni chache, na unaweza kuzipima mwenyewe hapo hapo dukani.

Swali la kwanza: analala ama anakaa?

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo bado haina nguvu ya kukishikilia. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Ukimweka kwa kiti chenye kimesimama, kichwa kinaanguka mbele na ile njia inabanwa, venye mrija wa soda hubanwa ukiupinda. Noma ni kwamba anaweza kukosa hewa bila kupiga kelele. Wewe utadhani amelala tu.

Ndio maana kigari cha mtoi mchanga lazima kimruhusu alale chali, mgongo umenyooka. Sokoni utapata aina tatu:

1. Pramu. Hii ni kitanda kidogo chenye kuta, kimewekwa juu ya magurudumu. Ni ya mtoi kutoka siku ya kwanza. Shida ni kubwa, nzito, na mtoi akianza kujigeuza na kujiinua, kazi yake imeisha.

2. Kigari cha kubadilika. Kiti chake kinalala mpaka chini, ama unatoa kiti unaweka kikapu cha kulalia, halafu akikua unarudisha kiti. Kama utanunua kigari kimoja tu maisha yote, tafuta hii.

3. Kigari cha mwavuli. Ni kile chepesi, mikono miwili imepinda kama ya mwavuli. Kilibuniwa miaka ya 1960 na Owen Maclaren, injinia wa ndege wa Uingereza. Kimejaa Nairobi juu ni bei rahisi na kinaingia kwa matatu. Lakini nyingi hazilali kabisa, kwa hivyo ni za mtoi mwenye tayari anakaa mwenyewe, karibu miezi sita na kuendelea. Hiyo ndiyo nilinunua mimi.

Muuzaji akikuambia "hii inalala", usibishane. Toa simu, fungua programu ya kupima usawa, iweke kwanza sakafuni uone kama sakafu iko sawa, halafu iweke juu ya kiti kikiwa kimelazwa. Marekani kuna sheria ya Juni 2022 yenye inasema vitu vya kulalia watoto wachanga visizidi mwinuko wa digrii 10. Haikuandikiwa vigari, lakini ni kipimo poa cha kutembea nacho. Simu ikisoma 30, hiyo ni kiti, si kitanda.

Breki: beba unga

Oktoba 2009, kwa stesheni ya treni ya Ashburton huko Melbourne, Australia, mama aliachilia kigari kwa sekunde chache tu. Kikajisukuma chenyewe, kikaanguka kwa reli, treni ikakigonga. Kamera za stesheni zilinasa yote. Mtoto wa miezi sita alitoka na majeraha madogo, lakini hiyo ni bahati ya kutopimwa mara mbili.

Sasa fanya hivi. Ukienda kununua, pitia kwa duka ubebe pakiti mbili za unga za kilo mbili. Hizo kilo nne ni kama uzito wa mtoi mchanga mwenye amenona. Ziweke ndani, peleka kigari mahali pameinama kidogo, kanyaga breki, halafu kisukume taratibu. Kikisonga, achana nacho. Breki nzuri inashika magurudumu mawili ya nyuma kwa pamoja, na unaikanyaga mara moja tu.

Ukimaliza, tundika begi lako kwa mkono wa kigari, unga ukiwa bado ndani. Kikiinuka mbele, umejionea. Vigari vingi huanguka kinyumenyume juu ya mizigo yenye tunatundika huko nyuma. Sukuma na nyanya ziende kwa kikapu cha chini.

Mikanda na vidole

Kwa kiti, tafuta mkanda wa pointi tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na mmoja katikati ya miguu. Ule wa kiunoni peke yake unaacha mtoi ateleze chini mpaka mkanda ufike shingoni. Fungua na ufunge kile kifungo mara kumi. Kama kinateleza ukiwa dukani, kitateleza ukivuka barabara.

Halafu kunja kigari na ukikunjue ukicheki bawaba, pale vyuma vinakutana. Novemba 2009, kampuni ya Maclaren iliita vigari karibu milioni moja huko Marekani baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya kitambaa tu. Kwa hivyo cheki kama bawaba zimefunikwa, na ukikunjua usikie loki ikilia. Mtoi asikuwe karibu wakati unakunja. Hiyo haina mjadala.

Kifae mtaa wako

Kigari cha kusukuma ndani ya duka kubwa si cha kusukuma kwa murram. Magurudumu madogo ya plastiki yanakwama kwa kila shimo, na mtoi anatikiswa kama yuko kwa boda. Kama mtaa wako una matope na mitaro, chukua magurudumu makubwa.

Lakini pia jiulize: unaishi ghorofa ya ngapi? Kama keja yako iko juu kabisa huko Pipeline na hakuna lifti, kila kilo ya kigari utaibeba kwa ngazi, mtoi mkono mwingine. Kibebe dukani kwa mkono mmoja kwanza. Pia pima upana wa mlango wako kabla utoke nyumbani. Kuna watu wamenunua pramu safi na ikabaki kwa koridoo.

Ukinunua mtumba

Mtumba si dhambi. Gikomba na Toi kuna vigari safi vya Ulaya. Tafuta kibandiko chenye kimeandikwa EN 1888, hicho ni kiwango cha usalama cha Ulaya, ama ASTM F833 cha Marekani. Soma jina na namba ya modeli, uzitafute mtandaoni uone kama iliwahi kurudishwa na kampuni. Angalia nyufa kwa fremu, skrubu zenye zimepotea, na mikanda yenye imeshonwa upya na fundi. Ikikosa kipande chochote, acha.

Godoro liwe gumu na lijae pande zote, bila nafasi ya mtoi kuchomeka uso. Usiongeze mto wala blanketi nene chini yake.

Acha kufunika

Hii ni ya wamama na mashosho wote wa Kenya, tunawapenda lakini. Kufunika kigari chote na shali ama leso kunageuza ndani kuwa jiko. Hewa haizunguki, joto linapanda haraka, na wewe humwoni mtoi. Jua likiwaka tumia kivuli cha kigari, ama tembea upande wenye kuna kivuli. Mbu wakisumbua, weka neti nyepesi yenye unaweza kuona uso wa mtoi kupitia.

Na kigari si kiti cha gari wala si yaya. Usimwache humo peke yake ukienda kuanika nguo.

Na kama doh haitoshi?

Basi usinunue. Kigari kibaya ni hatari kuliko kukosa kigari. Watoi wengi tumekua bila. Mbebe mbele na kitambaa imara, wima, karibu mpaka unaweza kubusu kichwa chake bila kuinama. Uso uonekane wakati wote, pua iwe wazi, na kati ya kidevu na kifua ipite nafasi ya vidole viwili. Mambo ya mgongoni yangoje mpaka shingo ikaze.

Kwa hivyo kumbuka tatu: alale mgongo umenyooka, breki ishike, umwone uso. Rangi na mahali pa chupa zije baadaye.

Na ule unga usirudishe. Pika ugali jioni, mama wa mtoi anahitaji kula.