Wimbo Ambao Haukuingia Kwenye Kanda

Albamu ya Abacab ya bendi ya Genesis ina urefu wa dakika 47. Upande mmoja wa kanda ya dakika 90 unabeba dakika 45. Kwa sababu ya hesabu hiyo ndogo, kwa miaka mingi niliijua albamu ile ikiwa na nyimbo nane, ilhali zipo tisa.

Kanda yenyewe alinirekodia kaka yangu kutoka kwenye santuri ya kuazima. Aliandika majina ya nyimbo kwa hati yake ya kubanana, na sikuwa na sababu ya kushuku kwamba kuna kilichopungua. Niliisikiliza mpaka nikajua mahali pa kila pumzi. Baadaye sana niliponunua diski kwa pesa zangu, wimbo wa tano ulipokwisha uliingia mwingine nisioujua kabisa. Kinanda kilikoroma, ngoma ziligongwa kwa nguvu bila madoido, na mwimbaji alirudia maswali yaleyale kama askari anayemhoji mtuhumiwa. Nilidhani diski ina hitilafu. Nilitazama jalada, nikaukuta jina lake pale: "Who Dunnit?"

Nikajiambia: kumbe kaka aliukata. Na kwa kuwa nilimheshimu kaka kwa masikio yake, nikaukata na mimi. Kila ulipofika niliuruka. Nilikuja kujua baadaye kwamba nilikuwa nimejiunga, bila kuulizwa, na upande mmoja wa ugomvi uliokuwa umedumu kwa muda mrefu kati ya mashabiki wa bendi hiyo.

Ili mtu auelewe ugomvi huo, lazima ajue Genesis walikotoka. Bendi ilianza mwaka 1967 kwa vijana wa Charterhouse, shule ya bweni iliyoko Surrey, kusini mwa Uingereza. Peter Gabriel alikuwa mwimbaji, Tony Banks alipiga kinanda, Mike Rutherford na Anthony Phillips walipiga magitaa. Phil Collins, mpiga ngoma, aliingia mwaka 1970, naye hakuwa mwana wa shule ile. Alikuwa kijana wa London aliyewahi kuigiza jukwaani tangu utotoni. Gitaa la Phillips lilichukuliwa na Steve Hackett.

Muziki wao uliitwa roki ya progresivu. Nyimbo zilikuwa ndefu, zikibadilika mwendo na funguo, zikisimulia visa vya miungu, wafalme na ndoto. "Supper's Ready", ya mwaka 1972, inakaribia dakika 23 na ilijaza karibu upande mzima wa santuri. Gabriel aliimba akiwa amevaa vinyago, mara kichwa cha mbweha, mara petali za ua kuzunguka uso. Waliowapenda hawakuwapenda nusunusu. Kuusikiliza wimbo wa dakika 23 kunahitaji kukaa chini, na mtu aliyekaa chini muda wote huo huona kwamba na yeye amechangia kitu.

Gabriel aliondoka mwaka 1975. Hackett naye akaondoka mwaka 1977. Waliobaki walikuwa watatu: Banks, Rutherford, na Collins ambaye sasa ndiye aliyeimba. Mwaka 1978 wimbo wao mfupi wa mapenzi, "Follow You Follow Me", uliingia katika kumi bora za Uingereza. Mwaka 1980 albamu yao ya Duke ilishika namba moja nchini humo, ikiwa ya kwanza kwao kufika hapo. Baadhi ya mashabiki wa zamani walianza kunong'ona. Lakini ndani ya Duke bado walisikia kinanda kikubwa cha Banks na vipande vilivyounganishwa kuwa kisa kirefu, wakajipa moyo.

Abacab ilipotoka Septemba 1981, moyo huo uliyeyuka. Bendi ilikuwa imepata shamba karibu na kijiji cha Chiddingfold, Surrey, na kuligeuza kuwa studio. Hii ilikuwa albamu ya kwanza kurekodiwa huko. Waliachana na David Hentschel, aliyezisimamia kazi zao tangu mwaka 1976, wakajisimamia wenyewe, na kumleta fundi wa sauti Hugh Padgham. Padgham ndiye aliyefanya kazi na Gabriel na Collins mwaka 1979, walipovumbua ule mlio wa ngoma unaolipuka kisha ukakatika ghafla, ambao muongo mzima uliofuata uliuiga. Zaidi ya hayo, watatu hao walikubaliana kuweka pembeni kila wazo lililosikika kama Genesis ya zamani. Jina lenyewe la albamu lilitokana na herufi walizotumia kuviita vipande vya wimbo wa kwanza walipokuwa wakiupanga. Wimbo ulipokamilika, mpangilio ulikuwa umebadilika, lakini jina likabaki.

Katika "No Reply at All" walisikika wapiga tarumbeta wa Earth, Wind & Fire, bendi ya Wamarekani weusi iliyotikisa kumbi za disko. Watu haohao walikuwa wamepuliza katika Face Value, albamu ya peke yake ya Collins iliyotoka Februari mwaka huohuo na kuuzwa sana. Basi mashabiki wakampata wa kumlaumu: Collins ameiteka bendi, ameifanya ya kwake. Lakini ukisoma majina ya watunzi hulioni hilo. Kati ya nyimbo tisa, kila mmoja wa watatu alitunga wimbo mmoja peke yake: Banks "Me and Sarah Jane", Collins "Man on the Corner", Rutherford "Like It or Not". Zile sita zilizobaki ni za wote. Na katika "Who Dunnit?", wimbo ulioudhi watu kuliko zote, kinachotamba ni sinthesaiza ya Banks, mtu ambaye mashabiki walimhesabu kuwa mlinzi wa mambo ya kale.

Mwaka ule, bendi ilipozunguka Ulaya, ilifika Leiden, Uholanzi. Nyimbo mpya zilipopigwa, sehemu ya ukumbi ilizomea. Wale waliokuwa jukwaani walisimulia usiku huo miaka mingi baadaye, na unaeleweka kwa nini haukuwatoka. Uholanzi ni miongoni mwa nchi za bara zilizowapokea mapema. Waliozomea hawakuwa wapita njia. Walikuwa wamenunua tiketi, na bila shaka wengi wao walikuwa na santuri zote za zamani nyumbani. Mgeni asiyekupenda hukaa kwake; anayekuja mpaka mlangoni kukuzomea ni yule aliyewahi kukupenda.

Hoja za wanaoukataa wimbo huu zimekuwa zilezile tangu wakati huo. Kwanza, husema ni mzaha uliokaa vibaya: hauna lahani, maneno yanajirudia, na umewekwa mara tu baada ya "Dodo/Lurker", kipande cha dakika saba na nusu ambacho ndicho kinachokaribia zaidi Genesis ya zamani. Pili, na hii ndiyo hoja nzito, husema ulikalia nafasi ya wimbo bora. Katika siku zilezile za kurekodi, bendi ilikuwa na "You Might Recall", wimbo wa mapenzi wenye lahani tamu. Haukuingia kwenye albamu. Ulitoka mwaka 1982 kwenye santuri ndogo ya nyimbo tatu, pamoja na "Paperlate" na "Me and Virgil". Tangu hapo mashabiki wamekuwa wakijipangia Abacab yao: toa ule, weka huu.

Wanaoutetea nao hawanyamazi. Husema punk ilikuwa imepita Uingereza miaka minne mitano kabla, ikiwacheka watu wenye nyimbo za dakika 23, na kwamba Genesis walikuwa na njia mbili: kujifanya hawakusikia, au kujicheka wenyewe kabla ya kuchekwa. "Who Dunnit?" ni kule kujicheka. Kwenye ziara, Rutherford aliweka gitaa chini akaenda kupiga ngoma. Watu waliojulikana kwa ustadi wao walisimama mbele ya maelfu wakipiga kitu ambacho mtoto angeweza kukishika kwa siku moja. Kwa mtetezi, huo ni ujasiri.

Mimi nadhani pande zote mbili zinasahau kwamba santuri ina mwisho wake. Ukizidisha dakika, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Kila kinachoingia kinamtoa mwenzake. Kuchagua nyimbo tisa ni kuziacha nje nyingine, na anayechagua hana uhakika kama miaka ishirini baadaye ataona alichagua sawa. Bendi yenyewe iliwahi kubadili mawazo. Mwaka 2000 walipotoa mkusanyiko mkubwa wa kazi zao za tangu mwaka 1976, waliuacha nje "Me and Virgil", kisha wakaurudisha katika toleo la mwaka 2007. Kwa hiyo watunzi nao wana nyimbo wasizozionea fahari, na orodha yao hailingani na ya mashabiki.

Kuna kisa kingine cha siku hizo ambacho wanaolaumu huwa hawakitaji. Julai 1982, Gabriel na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, la muziki wa mataifa mbalimbali. Miongoni mwa walioalikwa ni wapiga ngoma wa Burundi, na ngoma zao kubwa za magogo zilizowahi kuwa sauti ya ufalme. Muziki ulifana, hesabu ikaanguka. Gabriel alibaki na madeni yasiyolipika. Waliomwokoa ni wenzake wa zamani, walewale walioambiwa wameuza roho zao kwa redio. Tarehe 2 Oktoba 1982 Genesis walipanda jukwaani pamoja naye Milton Keynes, kwenye mvua kubwa, wakapiga nyimbo za zamani kwa ajili ya kulipa deni lake. Hackett naye alijitokeza mwishoni. Mashabiki wa zamani walipata usiku wao. Lakini aliyewezesha usiku huo ni bendi iliyobadilika. Bendi iliyokataa kubadilika huenda isingekuwa na jina la kujaza uwanja.

Na wala Gabriel mwenyewe hakubaki alipokuwa. Julai 1986, "Invisible Touch" ya Genesis ilishika namba moja Marekani. Wiki iliyofuata ilishushwa na "Sledgehammer" ya Peter Gabriel, wimbo wa kucheza wenye tarumbeta za kusini mwa Marekani. Waliokuwa wakingoja mtu wa vinyago arudi kuwaokoa walimkuta amefika palepale, kwa njia nyingine.

Niliporudi kwenye diski yangu nikiwa nimejua haya yote, niliamua kutouruka tena wimbo ule. Bado sioni kwamba ni mzuri. Ila niligundua kitu ambacho kanda isingeweza kunionyesha. Baada ya zile kelele inakuja "Man on the Corner", ya Collins, kuhusu mtu aliyesimama peke yake mtaani huku watu wakimpita. Inaanza na mashine ya ngoma tu, taratibu, kama maji yanayodondoka. Kwenye kanda, wimbo huo ulifuata "Dodo/Lurker" na nikauona wa kawaida. Hapa, ukiwa umetoka kwenye makelele na maswali ya kituo cha polisi, kimya chake kinakushika. Upweke wa yule mtu ulikuwa umekatwa pamoja na dakika zile tatu.

Mwishowe nilimpigia kaka. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha nikamwuliza: "Kaka, ile kanda ya Genesis. Wimbo wa sita uliukata kwa sababu ni mbaya?"

Alikaa kimya kidogo akikumbuka.

"Mbaya?" akasema. "Mdogo wangu, kanda ilikuwa moja, na upande wa pili ulikuwa na mambo ya watu. Nilipungukiwa dakika mbili na ushee. Ule ndio uliokuwa mfupi kuliko zote. Nyingine zote zilizidi dakika nne."

Nilichukua jalada nikajumlisha. Ni kweli. Ukitaka dakika 47 ziingie katika 45 na upoteze kidogo kuliko vyote, wimbo wa kutoa ni huo huo.

"Kwa hiyo hukuuchukia?"

"Nilikuwa nikiupiga nikifua nguo," akasema. "Wewe ndiye hukuwahi kuuliza."